Shajara ya majimoto: mikorosho 70, Tandahimba, Desemba hadi Oktoba

Shamba ni hekta moja, mikorosho 70 kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, safu kumi za miti saba saba. Udongo ni kichanga kitupu kama kwingi juu ya uwanda wa Makonde, na maji yako mbali. Safu ya 1 hadi ya 4 ni za majimoto, sisimizi washona majani wanaowinda wadudu waharibifu. Safu ya 5 na ya 6 hazipulizwi dawa ya wadudu wala hazipandikizwi majimoto. Ni ukanda wa kupokea dawa inayopeperuka. Safu ya 7 hadi ya 10 zinapulizwa kama wanavyofanya majirani. Salfa ya ubwiri unga inapita kote, maana majimoto hawali ukungu. Hilo limeandikwa mapema kabla mtu hajadhani kwamba wadudu hawa ni dawa ya kila kitu.

Wanaosakwa ni wawili. Mbu wa mikorosho (Helopeltis) hufyonza machipukizi laini na vikonyo vya maua mpaka vinakauka kuanzia nchani. Kunguni wa minazi (Pseudotheraptus wayi) hudunga korosho changa na kuziachia madoa meusi yaliyobonyea. Huyu wa pili amepewa jina la Michael Way, aliyechunguza ugomvi wa majimoto na sisimizi wengine kwenye minazi ya Unguja miaka ya 1950, na ugomvi huo huo ndio uliotusumbua hapa kuliko mbu mwenyewe.

Majimoto, Oecophylla longinoda, hawaagizwi kutoka mbali. Wamejaa kwenye miembe ya vijiji vyetu, na anayepanda mwembe bila kuangalia hujua walipo. Kazi ni kuwafikisha kwenye mkorosho na kuwafanya wakae. Kundi moja linaweza kuwa na viota kumi hadi zaidi ya mia, vilivyosambaa kwenye miti kadhaa, lakini malkia huwa mmoja, ndani ya kiota kimoja. Ukihamisha viota tisini na tisa ukamwacha yeye, umehamisha wazee wanaosubiri kufa.

Kwa hiyo tumekwenda njia mbili kwa pamoja: kuhamisha makundi makubwa yaliyokomaa ili yafanye kazi msimu huu, na kulea malkia wapya kwenye vikopo kwa ajili ya miaka ijayo. Kundi la kikopo huchukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuutawala mti mzima, kwa hiyo asitegemee mtu kuokoa korosho za mwaka huu kwa vikopo.

Desemba, wiki ya 2. Mitego ya malkia

Mvua tatu nzuri zimeshanyesha. Kwenye mwembe wa jirani, viota viwili vya juu vimevimba kuliko vingine. Ukipasua jani kidogo unaona wenye mabawa: majike makubwa na madume madogo meusi. Viota hivyo havikatwi wala havitikiswi. Wakishakomaa huruka jioni, jua likizama, hasa siku inayofuata mvua.

Mitego ni majani ya mwembe. Unachukua jani pana lililokomaa, unalikunja kama msokoto wa sigara kubwa kuanzia nchani, unafunga uzi katikati na kuacha ncha mbili wazi. Mitego 60 imefungwa kwa urefu wa kifua hadi mkono unapofika, yote kwenye miti isiyo na majimoto. Hili ndilo wengi hulikosea: wanatundika mitego pale pale penye kundi kubwa wakidhani malkia wengi watatua hapo. Malkia mgeni akitua kwenye mti wenye wenyewe, anavutwa miguu sita kwa pande sita na kukatwakatwa. Anayepona ni yule aliyetua kwenye mti mtupu na kujificha ndani ya jani lililojikunja.

Mitego hukaguliwa kila siku asubuhi kabla ya saa tatu. Majani yakikauka hupasuka na hayafai tena, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya siku nne au tano.

Desemba, wiki ya 4

Malkia 14 kwenye mitego, na 5 waliokotwa chini ya taa ya barazani usiku baada ya mvua kubwa. Wa kwenye taa wengi bado walikuwa na mabawa. Kuyadondosha ni kazi yao wenyewe: anakunja mguu wa kati juu ya mgongo, anausukuma mara mbili tatu, bawa linatoka kwenye shina kama ganda la karanga. Asiyedondosha mabawa baada ya siku mbili mara nyingi hakupandwa, na mayai yake hayatatoa vibarua, yaani sisimizi wafanyakazi. Watatu kati ya wale watano wa taa walikuwa hivyo, wakatolewa. Tumebaki na 16.

Kila mmoja amepewa kikopo chake cha plastiki angavu, kile kidogo cha dawa ya vidonge. Chini kuna pamba iliyolowa maji na kukamuliwa mpaka haidondoki. Juu ya pamba kuna kipande cha jani la mwembe kilichokunjwa, na mdomoni kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Chakula hakuna. Malkia mpya analisha mabuu yake ya kwanza kutokana na akiba ya mwili wake, hasa misuli ya mabawa ambayo haihitaji tena. Ukimwekea sukari sasa unaalika ukungu tu.

Vikopo vimepangwa kwenye rafu ya mbao ndani ya banda lenye kivuli, na miguu ya rafu imesimamishwa kwenye makopo ya maji yenye tone la mafuta ya kula juu yake. Bila hayo sisimizi wadogo wa ndani ya nyumba wangekwisha kula kila kitu kwa usiku mmoja.

Januari, wiki ya 2. Mayai, na vikopo vilivyoharibika

Mayai yalionekana kuanzia siku ya tatu, meupe, yameshikana kama chembe za sukari. Malkia wanne wamekula mayai yao. Sababu ni ile ile kwa wote: vikopo vyao viko mbele ya rafu na vilikuwa vikichukuliwa mara kwa mara kuonyeshwa wageni. Malkia akitikiswa sana huhesabu mahali pale kuwa si salama, na hula mayai ili asipoteze chakula. Kuanzia sasa rafu imefunikwa khanga nyeusi, na ukaguzi ni mara moja kwa wiki bila kuinua kikopo.

Viwili vimeota ukungu. Pamba ilikuwa imelowa kupita kiasi na jani limeoza. Malkia wake wamehamishiwa vikopo vipya kwa kuwasukuma taratibu na unyoya wa kuku. Mmoja ametaga upya, mwingine amekufa. Waliobaki ni 15.

Januari, wiki ya 4. Kuongeza pupa

Yai huchukua takriban wiki nne hadi tano kuwa kibarua. Malkia peke yake hutoa vibarua wachache sana, na kundi dogo hivyo hufa kwa jambo lolote. Dawa yake ni kumwongezea pupa, yaani watoto waliopita hatua ya buu na kukaribia kuwa sisimizi kamili, kutoka kundi kubwa. Pupa haina harufu ya kwao iliyokomaa, kwa hiyo anapoangua hujikuta kwa malkia huyu na kumhesabu kuwa mama yake. Kibarua mzima wa kundi lingine ataua na kuuawa.

Kiota kilikatwa saa kumi na mbili asubuhi kutoka mwembe mkubwa, kikawekwa kwenye beseni jeupe. Ukingo wa ndani wa beseni umepakwa poda ya mtoto kwa upana wa vidole vinne. Miguu ya majimoto haishiki kwenye poda, wanapanda na kuteleza. Kiota kikifunguliwa, vibarua hukimbia na pupa, hivyo tuliweka kipande cha gunia upande mmoja wa beseni wakajificha chini yake, halafu tukachota pupa zilizoachwa kwa brashi laini ya rangi. Pupa 40 kwa kila malkia. Kila moja ilikaguliwa kabla ya kuingia, maana kibarua mmoja mgeni aliyening'inia kwenye pupa anatosha kumuua malkia. Ilitokea kikopo namba 7. Wamebaki 14.

Pupa za madume zinaonyesha vivimbe vya mabawa pembeni. Hizo zimeachwa.

Februari

Vibarua wa kwanza wametoka kwenye vikopo vyote 14, wekundu mpauko, laini, siku mbili bila kutembea sana. Sasa chakula kinaanza. Maji ya sukari: gramu 200 za sukari kwa mililita 800 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Hutiwa kwenye kizibo chenye kipande cha pamba ili wasizame. Hubadilishwa kila baada ya siku mbili. Ya siku tatu huchacha kwa joto la huku, na ukiyanusa unasikia harufu ya uraka wa mabibo. Nyama ni dagaa mbichi aliyepondwa, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, au panzi aliyekatwa. Dagaa wa chumvi wamekataliwa na vikopo vyote. Kisicholiwa mpaka asubuhi hutolewa.

Vikopo vimefunguliwa na kuwekwa ndani ya chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa juu, na kipande cha tawi chenye majani kimechomekwa ndani. Kikopo namba 11 kimeanza kushona. Vibarua wawili wanavuta kingo za jani kwa taya, wa tatu anashika buu mdomoni na kumpeleka huku na huko kama mshonaji anayepitisha sindano. Hariri inatoka kwa buu, wala siyo kwa mkubwa. Ndiyo maana kundi lisilo na mabuu haliwezi kujenga kiota kipya, na ndiyo maana kiota cheupe chenye hariri mpya ni dalili kwamba malkia yupo na anataga.

Machi, wiki ya 1. Nani anamiliki ardhi?

Kabla ya kuleta majimoto ni lazima kujua aliye chini. Vipande vya dagaa vimewekwa kwenye vipande vya boksi, kimoja kwenye kila shina la safu ya 1 hadi ya 4, saa kumi na moja jioni, na kukaguliwa baada ya saa moja. Miti 28, 17 imepatikana na Pheidole megacephala. Ni sisimizi wadogo wa kahawia, na kati yao wapo wachache wenye vichwa vikubwa kupita miili yao, ambao ndio utambulisho wake. Miti hiyo imefungwa kitambaa chekundu.

Pheidole hashindani na majimoto kwa ukubwa. Anashindana kwa wingi na kwa kupanda usiku. Kumi wanashika miguu ya jimoto mmoja, mwenye kichwa kikubwa anakata. Kundi lililohamishwa, lenye viota vilivyochanika na wasiojua bado njia za mti mpya, halina nafasi.

Kuchimba viota vyake hakusaidii, kwa sababu vina malkia wengi na vyumba vingi vilivyounganika chini ya mchanga. Tumetumia chambo cha punje chenye hidrametilinoni, sumu ya kuua sisimizi, kwa kipimo cha lebo, kikitawanywa chini ya mwavuli wa kila mti wenye kitambaa. Kuna sheria mbili tu: kisinyeshewe na kisianikwe. Mvua hukifanya uji, na jua huvunja sumu yake, kwa hiyo huwekwa saa kumi na moja jioni siku isiyo na mawingu. Machi siyo mwezi mzuri kwa hilo. Mara ya kwanza mvua ilinyesha saa mbili usiku na chambo chote kilipotea. Mara ya pili kilibebwa. Kingekuwa kimewekwa Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu, tusingerudia.

Machi, wiki ya 4

Dagaa wamewekwa tena. Pheidole wamebaki kwenye miti 4. Chambo kimerudiwa kwenye hiyo tu.

Kwenye shamba hili tumeacha nyasi katikati ya safu. Mazoea ya huku ni kupalilia mpaka mchanga uonekane mweupe, na bado mtu husifiwa kwa hilo. Tatizo ni kwamba ardhi tupu haina chakula cha Pheidole, kwa hiyo anapanda mti kukitafuta. Nyasi zikiwepo, anahangaika chini na majimoto hubaki juu. Nyasi zinafyekwa zikifika gotini, haziondolewi na mizizi. Usafi chini ya mwavuli utafanywa karibu na kudondoka kwa korosho, na moto hauwashwi kabisa.

Aprili, wiki ya 2. Kutambua kundi

Kabla ya kukata chochote lazima kujua mpaka wa kundi. Kipimo: chukua vibarua watano kutoka mti mmoja kwa kijiti, waweke juu ya kiota cha mti wa pili. Wakipapasana vipembe na kuendelea na safari, ni ndugu. Wakikamatana na kuinua matumbo, ni makundi mawili, na yakikutana kwenye gunia moja hupati hata moja.

Makundi matatu yametambuliwa. A: miembe miwili, viota 23. B: mwembe na mchungwa, viota 31. C: miembe mitatu iliyogusana matawi, viota zaidi ya 40, vingine juu sana.

Kiota cha malkia hutafutwa katikati ya eneo la kundi, mara nyingi juu upande wenye jua. Majani yake yamebana, hariri ni nzito kuliko viota vya pembeni, na ukikigusa askari wanatoka kwa wingi usio wa kawaida. Viota vya mipakani hukaliwa na vibarua wazee na havina mayai. Cha malkia kina marundo ya mayai.

Aprili, wiki ya 3. Kuhamisha

Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri, kukiwa na ubaridi na wengi wakiwa ndani. Kiota hukatwa pamoja na tawi kwa mkasi wa kupogolea, na gunia hushikwa chini yake kabla ya kukata. Wakataji walipakwa majivu makavu mikononi na shingoni. Kama poda kwenye beseni, majivu huwanyima majimoto pa kushika. Hayazuii kuumwa kabisa.

Magunia ni ya katani, yale yale ya korosho. Viota vitano vya B viliwekwa kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu magunia yalipungua, na ndani ya nusu saa wote walikuwa chini ya mfuko, wamekunjamana. Jimoto akishtuka hurusha asidi ya fomiki, na kwenye mfuko usiopumua hujiua kwa mvuke wake mwenyewe.

A na B zimekamilika na malkia wote wameonekana: mkubwa karibu mara mbili ya askari, tumbo limevimba. Aliyefungua kiota afunge haraka na kukitia kwenye gunia la peke yake lenye alama. Kundi C lilikatwa viota 34. Vya juu havikufikiwa. Malkia hakuonekana, na palikuwa na ubishi kama magunia yatundikwe au yarudishwe. Yakatundikwa kwenye safu ya 3 kwa matumaini kwamba yumo. Uamuzi huo ulikuwa mbovu.

Kila gunia lilifungwa kwenye panda ya mti, mdomo umefunguliwa na kugusa majani. A ilipewa miti minne iliyo jirani, B minne, C minne. Miti ya kundi moja imeunganishwa kwa kamba ya katani, unene wa penseli, kutoka tawi hadi tawi, ili vibarua wavuke bila kukanyaga chini. Ndani ya siku tatu walihama magunia na kushona majani ya mkorosho. Maji ya sukari yalitundikwa kwenye chupa kwa wiki mbili za kwanza, kwa sababu wakati huo hawajapata bado vidukari na wadudu gamba wa kuwakamua utomvu mtamu.

Mei hadi Juni. Machipukizi

Mvua imekatika, kusi imeanza, na machipukizi laini yametoka. Huu ndio wakati wa mbu.

Majimoto hupimwa kwa njia zao kwenye matawi makuu. Tawi lenye zaidi ya kumi kwenye njia moja hupata 1, lenye mmoja hadi kumi hupata 0.5, lisilo na yeyote hupata 0. Jumla hugawanywa kwa idadi ya matawi makuu na kuzidishwa kwa 100. Mti wenye matawi sita, manne yamejaa na moja lina wachache, ni 4.5 kwa 6, yaani asilimia 75. Chini ya 50 mti huo hauna ulinzi wa kutegemea, hata ukiona viota.

Mbu hupimwa kwa fremu ya mianzi ya mita 1 kwa 1, inayowekwa pande nne za mwavuli. Unahesabu machipukizi yote ndani yake na yaliyodungwa karibuni. Kidonda kipya ni cha majimaji na cheusi chenye kung'aa. Cha zamani kimekauka na kupasuka. Ukichanganya vipya na vya zamani, namba za wiki hii zinabeba dhambi za mwezi uliopita. Mbu mwenyewe ni mwembamba, na mgongoni ana mwiba uliosimama wenye kidoto kama kichwa cha pini. Atafutwe asubuhi mapema au jioni, saa sita mchana amejificha.

Wiki ya 3 ya Juni, mti wa 3 wa safu ya 2 (kundi B, asilimia 75): machipukizi 41, mapya yaliyodungwa 2. Mti wa 5 wa safu ya 5, usio na majimoto wala dawa: machipukizi 38, yaliyodungwa 17. Namba za mti mmoja hazithibitishi kitu, lakini safu nzima zinafuata mwelekeo huo. Isipokuwa C.

C inashuka kila wiki. Viota vya awali vimegeuka kahawia na hakuna kipya kilichoshonwa. Kiota kimoja kilifunguliwa: hakuna rundo la mayai madogo, mabuu wachache, na waliotoka hivi karibuni ni weusi wenye mabawa. Kibarua asiye na malkia hutaga mayai yasiyorutubishwa, na hayo hutoa madume peke yake. Malkia wa C bado yuko juu ya mwembe, kwenye kimoja cha vile viota visivyofikiwa.

Kumpa C malkia wa kikopo kulipendekezwa, kukakataliwa. Vibarua wazee wangemkata.

Julai

Salfa ya unga imepulizwa alfajiri, kukiwa na umande na upepo umetulia. Kwa siku mbili hivi baada ya kila mzunguko njia za matawi ya nje zilipungua, kisha wakarudi. Kilichosaidia ni kuelekeza bomba kwenye vikonyo badala ya kupuliza moja kwa moja kwenye kiota.

Kwenye miti miwili ya A, wadudu gamba wameongezeka na majani ya chini yana masizi meusi. Hiyo ndiyo bei ya majimoto: wanamfukuza mbu lakini wanawalinda wanaowapa utamu. Matawi matatu yaliyozidi yamepogolewa, mengine yameachwa.

Agosti

Safu ya 7 hadi ya 10 zimepulizwa kiuatilifu cha pairethroidi, na kusi ilibeba. Safu ya 5 ilipata harufu. Ya 4 ilipoteza viota viwili vilivyokuwa pembezoni, vibarua wamelala chini ya mti. Ukanda wa safu mbili hautoshi upepo ukiwa upande huo. Mwakani upulizaji uanze saa kumi na mbili asubuhi kabla ya upepo, na safu ya 7 iongezwe kwenye ukanda.

Kamba mbili kati ya miti ya A zilikatika. Siku mbili baadaye majimoto walionekana wakipita chini, na Pheidole waliobaki kwenye shina moja wakawa wanawasubiri. Kamba za nailoni zimewekwa badala ya katani.

Septemba

Chini ya mwavuli pamesafishwa kwa jembe la mkono na kufagiliwa, katikati ya safu nyasi zimeachwa. Majimoto walikuwa bughudha kwa wafagiaji siku ya kwanza tu, matawi yanayogusa chini yalipokatwa.

Oktoba. Kuokota

Korosho huokotwa chini baada ya kudondoka na bibo lake, hazichumwi. Hii ndiyo faida isiyosemwa sana: mwenye machungwa yenye majimoto lazima apande awakute, mwenye mikorosho anainama tu. Waokotaji wamepaka majivu kwenye vifundo vya miguu na wanasimama mbali na shina. Malalamiko yamekuwa machache kuliko yaliyotarajiwa.

Kukagua madoa ya kunguni: korosho 100 kutoka kila kundi la miti zimetengwa kabla ya kupelekwa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zimeanikwa, na zitabanguliwa kuangalia kokwa. Ganda la nje halitoshi, maana jeraha dogo la utotoni huonekana kokwani likiwa doa jeusi.

Miti minne ya C ni mitupu. Viota vikavu vimekatwa na kuondolewa ili visifiche wageni. Dagaa wamewekwa kwenye mashina yake jioni: miwili haina kitu, miwili imerudiwa na Pheidole. Ardhi sasa ni kavu na anga haina wingu, kwa hiyo chambo kimetawanywa leo saa kumi na moja. Vikopo 12 viko hai, namba 11 ina viota vitatu kwenye mche wa mwembe ulio ndani ya ndoo. Kabla ya kikopo chochote kwenda kwenye miti ya C, miti hiyo itapimwa tena kwa dagaa, baada ya wiki tatu.